Bibi wa Kwenye Fremu

Sylvester hajawahi kumpa mtu zawadi ambayo yeye mwenyewe bado anaitaka. Shati likimbana, anampa mdogo wake. Redio ikianza kukoroma, anaipeleka kanisani na kuomba itangazwe. Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili alipopaki gari mbele ya nyumba yetu hapa Turwa na kushusha kitu kipana kilichofungwa kwa blanketi, nilijua bila kuambiwa kwamba nyumbani kwake kuna ukuta umepata kazi nyingine. Baadaye nikasikia amenunua televisheni kubwa.

Ilikuwa picha, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Sylvester ni dalali wa dhahabu, basi kila kitu chake lazima kiwe na rangi hiyo, kuanzia saa mpaka bomba la bafuni. Aliifungua sebuleni akaiegemeza kwenye kochi, akarudi nyuma hatua tatu na kukunja mikono kama mtu aliyeichora.

"Mama mkubwa," alimwambia Mama Wegesa, "hii inaitwa sanaa. Nilinunua Isebania kwa Mkenya mmoja anayeuzia mahoteli."

Mama Wegesa alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Akasema asante mwanangu, Mungu akuzidishie. Kisha, kama kawaida yake, akanigeukia mimi. "Tabitha, ina nani?"

Nikaangalia. Aliyekuwemo ni bibi kizee aliyejifunga kilemba, pua ndefu, mdomo umeingia ndani, macho yameangalia chini kama anayetafuta sindano. Nikasema, "Ni bibi."

Sylvester alicheka mpaka akashika ukuta. "Bibi? Wewe binti wa Gorong'a, huko kwenu hamjawahi kuona msichana mzuri? Huyo ni mrembo, ameangalia pembeni. Angalia shingo hiyo." Akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia Mama Wegesa kwamba mimi si wa kulaumiwa, mtu aliyekulia kwenye mihogo na mbuzi macho yake hayajazoea.

Hapo inabidi nieleze mimi ni nani katika nyumba hii, maana Sylvester huwa anaeleza watu vibaya. Mama Wegesa alizaa mabinti wawili, wote wameolewa mbali, na mume wake akafariki bila kumwachia mtoto wa kiume. Kwa Wakurya mama kama huyo hakai akilia. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobu. Ng'ombe wa Mama Wegesa walikwenda Gorong'a kwa baba yangu, nami nikaja Turwa nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nina watoto watatu. Baba yao ana kwake, na jina lake halihusiani na habari hii. Waliwahi kuja watu wa mradi na daftari wakaniuliza kama nina furaha. Niliwajibu kwamba nina kazi.

Sylvester ni mtoto wa mdogo wa marehemu mume wake. Ananiita binti, au dada, au "huyu," lolote ilimradi lisiwe shemeji, kwa sababu akiniita shemeji atakuwa amekubali kwamba nimeolewa hapa, na akikubali hilo hana tena njia ya kukifikia kiwanja. Kiwanja chetu kiko karibu na barabara ya lami. Sylvester anakiangalia jinsi paka anavyoangalia dagaa kwenye turubai.

Picha ikaning'inizwa kwenye ukuta ulio mbele ya kiti cha Mama Wegesa. Sylvester alipiga msumari mwenyewe, akajigonga kidole, akalaumu nyundo yetu.

Sasa, Mama Wegesa alikuwa na tabia moja iliyonichosha kuliko kuchota maji. Alitaka asimuliwe kila kitu. Nani huyo anapita njiani? Amevaa nini? Mahindi ya jirani yamefika wapi? Yeye amekaa mlangoni, mimi niko jikoni na moshi, na bado mimi ndiye wa kutoka na kuangalia. Nilijua maana yake, au nilijidanganya kwamba najua. Nilijisemea kwamba mtu akishatoa ng'ombe anajiona amenunua hata macho ya mwenzake. Siku nyingine nilimjibu bila kutoka jikoni. Nilikuwa naropoka tu, ni Imelda anakwenda sokoni, amevaa gauni la kijani, wakati njiani hakuna hata kuku. Naye alikuwa anaitikia, eeh, Imelda huyo, na gauni lake.

Lakini habari ya picha nilimsimulia kwa haki, na sababu haikuwa upendo. Ilikuwa hasira. Kicheko cha Sylvester kilinikaa kooni wiki nzima. Kila nikifuta vumbi kwenye kioo cha fremu nilikuwa namtafuta huyo mrembo wake, nione anachokiona mtu wa televisheni. Siku moja nikiwa nimeinama na kitambaa, nikamwona. Alitokea ghafla, msichana kweli, amegeuza uso upande wa pili, shavu laini, mkufu shingoni. Nikapepesa macho, akarudi bibi. Nikapepesa tena, msichana. Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu. Mrembo yupo, na bibi yupo, na wote wamechorwa kwa mistari ileile.

"Unacheka nini?" Mama Wegesa akauliza.

Nikamweleza yote, kipande kwa kipande, kama mtu anayemfundisha mtoto kusuka. Sikio la msichana ndilo jicho la bibi. Kidevu cha msichana ndiyo pua ya bibi. Ule mkufu ndio mdomo, amefumba, hana meno. Ukimkazia macho mmoja sana, anaondoka na kumwachia mwenzake. Mama Wegesa alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie habari ya sikio. Kisha akauliza, "Na Sylvester anamwona bibi?"

"Hamwoni. Yeye anajua kuna msichana tu."

"Amekaa nayo miaka mingapi?"

"Alisema mitatu."

Mama Wegesa akatabasamu, akaomba uji wake.

Mwezi wa pili Mama Wegesa alisema anataka kuandika wosia. Nyumba na kiwanja viandikwe jina langu, nije niwape watoto wakikua. Nilishtuka, maana nilitegemea angemwandika mwanangu wa kiume, Vicent, na mimi nibaki kuwa mama yake Vicent. Tulikwenda ofisi ya mtaa. Karatasi ilipokuwa tayari alikataa mwenyekiti asimsomee. Alisema, "Anisomee Tabitha." Nikamsomea mara mbili, akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Niliisoma kama ilivyo, kwa sababu sikujua kwamba ningeweza kuisoma vingine.

Habari zilimfikia Sylvester kabla wino haujakauka. Hakuja kwetu. Alikwenda kwa wazee wa ukoo mmoja mmoja, na kila alipokwenda alibeba sukari. Aliwaambia kwamba mama mkubwa haoni. Kwamba alishuhudia kwa macho yake dole gumba la kipofu likipelekwa kwenye karatasi asiyoijua. Hakushuhudia kitu, siku hiyo alikuwa Mwanza. Kwamba mimi ningeweza kumwekea mbele karatasi yoyote, hata ya kuuza mwili wake, naye angebonyeza tu. Wazee wakiona wosia umepatikana kwa njia hiyo wanaukataa, na wakiukataa wao, mwenyekiti wa mtaa hana ubavu wa kuutetea. Kiwanja kingerudi kwa ukoo, na ukoo wa karibu ni Sylvester. Mimi na wanangu tungerudi Gorong'a na masufuria yetu.

Nilipousikia uongo huo nilichemka. Haoni? Mwanamke anayejua nani ameingia getini kwa kukohoa tu? Anayejimiminia chai bila kumwaga hata tone? Nilisema mbele ya watu kwamba Sylvester amekosa la kusema sasa anasingizia watu upofu.

Kikao kiliitishwa Jumapili baada ya ibada. Walikuja wazee wanne. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kisyeri, aliyetoka Ringwani na basi la asubuhi. Mzee Kisyeri anasifika kwa busara kwa sababu anachelewa kujibu. Mimi naamini anakuwa amesinzia. Wa pili alikuwa Mzee Emanueli, mzee wa kanisa, ambaye husema "Bwana asifiwe" hata akikanyagwa mguu. Hao wengine wawili walikuja kunywa chai, na sikuwaona wakifanya jambo jingine.

Nilikuwa jikoni nikichemsha maziwa walipoingia. Mama Wegesa alikuwa chumbani anabadili gauni. Sylvester alibaki sebuleni na wazee peke yao, akajifanya mwenyeji. Nilimsikia akiburuta viti. Mama Wegesa alipotoka alipapasa fremu ya mlango kidogo, kitu alichokuwa anafanya siku zote, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake, akawasalimia wazee kila mmoja kwa jina walipotoa sauti. Nami nikasimama mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Mkamwana haongei kwenye kikao cha wazee mpaka aulizwe, na mimi sikuwa nimeulizwa.

Sylvester alianza. Alikuwa amevaa suti, kwenye joto lile. Alisema maneno mengi kuhusu heshima ya ukoo, na kuhusu marehemu baba yake mkubwa, ambaye yeye Sylvester hakuwahi kumtembelea alipougua. Kisha akafika alikotaka kufika.

"Wazee, mimi sina ugomvi na mama mkubwa. Nasema tu macho yamekwisha, na mtu wa hivyo anaongozwa na aliye karibu. Msiniamini mimi. Hii hapa picha niliyompa. Imekaa mbele yake tangu Krismasi. Nyinyi mnaona nani?"

Wazee wakaangalia. "Msichana," akasema Mzee Emanueli, Bwana asifiwe. Wawili wa chai wakasema msichana. Mzee Kisyeri akachelewa, kisha akasema msichana. Bila shaka walimwona msichana, maana nilipokuwa jikoni nilimsikia Sylvester akiwaambia huyu mrembo alimpata Isebania.

"Haya. Mama mkubwa, tuambie. Kwenye picha kuna nani?"

Mimi nikashika sinia kwa nguvu, nikimwomba Mungu, mama aseme msichana. Aseme tu msichana, yaishe. Nyumba yetu yote ilikuwa kwenye neno hilo moja.

"Kuna bibi," akasema Mama Wegesa.

Sylvester akapiga makofi mara moja. "Wazee mmesikia kwa masikio yenu."

"Mama Wegesa," akasema Mzee Kisyeri kwa upole mbaya, ule wa kumsemesha mgonjwa, "sisi tunamwona msichana."

"Msichana yupo, sijakataa. Ameangalia upande wa pili, amewapa shavu. Lakini bibi naye yupo. Kisyeri, hebu weka kidole kwenye sikio la huyo msichana. Hilo ni jicho. Kidevu cha msichana ndiyo pua ya bibi. Mkufu huo shingoni ni mdomo, amefumba, hana meno. Msimkazie macho sana huyo mmoja, ataondoka mwenzake aje."

Yalikuwa maneno yangu, yote, kwa mpangilio wake. Mzee Kisyeri alisogea na kuweka kidole. Kisha Mzee Emanueli akasema, taratibu, "Yesu wangu," na safari hii alimaanisha. Mmoja wa wazee wa chai akaweka kikombe chini. Mwingine akaanza kucheka kwa kukohoa, akimwonyesha mwenzake pua. Wote walikuwa wameizunguka picha, wazee wazima, wanasukumana mabega kama watoto kwenye dirisha la harusi.

Nilimgeukia Mama Wegesa nimpe jicho la pongezi. Ndipo nikaona.

Picha haikuwa ukutani. Sylvester alikuwa ameishusha mapema, nilipokuwa jikoni, akaiegemeza kwenye kiti karibu na dirisha ili wazee wapate mwanga. Mama Wegesa hakuwa anaangalia dirishani. Alikuwa ameinua uso kuelekea ukutani, palepale pa siku zote, na aliongea yote yale, sikio na pua na mdomo usio na meno, huku amekodolea macho msumari mtupu.

Hakuna mwingine aliyemtazama. Wazee walikuwa na picha, na Sylvester alikuwa anawatazama wazee, kama kawaida yake, kuona kama wanamtazama yeye. Nilivuka sebule na sinia langu, nikasimama kati ya Mama Wegesa na watu, nikainama kumpa chai. Kwa sauti ya chini nikamwambia, "Mama, iko kulia kwako. Dirishani."

Aligeuza kichwa polepole, kama mtu aliyetosheka na jambo lake na sasa anawatazama wageni. Kikombe akakipokea.

"Sylvester," Mzee Kisyeri alikuwa anasema, amesimama, ameamka kabisa, "wewe mura, kijana wangu, umekaa na picha hii muda gani?"

"Miaka mitatu, mzee, lakini..."

"Na bibi hujamwona?"

"Hakuna bibi hapo. Wazee, mnadanganywa. Huyo ni msichana, hata muuzaji aliniambia ni msichana."

"Njoo hapa. Hili ni nini?"

"Sikio."

"Hii?"

"Kidevu."

Mzee Kisyeri akawageukia wenzake. Wakaangua kicheko, na mimi nilicheka pia. Sylvester aliinama mpaka pua yake ikagusa kioo. Alifumba jicho moja, akafumba la pili, akavua koti, akaenda upande wa mlango, akarudi. Jasho lilimtoka. Nadhani mpaka leo hajamwona, na hatamwona, kwa sababu kumwona bibi lazima kwanza ukubali kwamba mtu wa Gorong'a alikuwa sahihi.

"Kikao kimekwisha," akasema Mzee Kisyeri. "Mwenye macho mabovu tumemjua. Wosia ukae ulivyo."

Sylvester akaanza kuifunga picha na blanketi. Mzee Kisyeri akamwambia aiache, ibaki kwa watu wanaoiona. Naye Sylvester akaondoka kwa gari bila kuaga, na blanketi akaondoka nalo. Wazee wakamaliza chai, wakaomba nyingine, wakaondoka wakibishana kuhusu pua.

Tukabaki wawili. Jua lilikuwa bado juu, watoto walikuwa nje. Nilikaa chini karibu na kiti chake.

"Tangu lini, mama?"

Hakuniuliza tangu lini nini. "Vicent alikuwa anaanza kutembea. Ilianza kama moshi. Sasa naona mwanga wa mlango, basi."

Vicent ana miaka tisa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia wewe, ungeambia jirani, Sylvester angesikia. Na sikuwa na shida. Ulikuwa unaniambia kila kitu."

Nikakumbuka Imelda na gauni lake la kijani. Nikakumbuka mahindi ya jirani niliyoyakuza na kuyakausha kwa mdomo wangu nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Miaka yote hiyo mtu huyu aliishi katika dunia niliyomropokea kwa uvivu, na kama siku ile ya picha nisingekuwa na hasira, ningemwambia ni maua, au ng'ombe, nirudi kwenye sufuria. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sylvester, katika maisha yake yote ya kusema, alisema neno moja la kweli, na mimi nilimwita mwongo mbele ya watu.

"Tutakwenda kwa daktari wa macho," nikasema.

"Tutakwenda Sylvester akishasahau. Huyo anasahau haraka."

"Na wosia, mama? Nilipokusomea. Ulijuaje kwamba nasoma kilichoandikwa?"

Alikunywa chai iliyobaki, akanyoosha mkono na kuweka kikombe mezani, palepale panapotakiwa.

"Sikujua," akasema.

Niliinuka nikairudisha picha kwenye msumari. Akauliza kama imenyooka. Nikamwambia imepinda kidogo kushoto, nikainyoosha, nikamwambia sasa iko sawa. Nje kulisikika hatua za mtu kwenye changarawe.

"Nani huyo anapita?" akauliza.

Nikaenda mpaka getini, nikaangalia vizuri, ndipo nikarudi kumjibu.